Fondo (ile nyuma ya picha) ya Pilipili inanishinda mu telefone, nakosea wapi?

MtotoWaKatuba
Jambo bote. Niko L'shi (Lubumbashi), nachora na aplikesheni Ibis Paint mu telefone, tablete sina. Rafiki wa mama anafungua restora, anataka picha za samaki kwa menu, aliniambia "unifanyie sawa vile Pilipili", basi nikaangalia tablo za yule mchoraji Pilipili Mulongoy mpaka macho yakauma. Samaki nimeweza. Fondo sasa... nilichora kaalama kamoja kama koma, nikakopi nikabandika mara mia mbili na kitu, nikaona imejaa vizuri. Kumuonyesha, mama wa restora ananiuliza kama ni kitenge. Nilichukia, lakini ana haki, ni kitenge kabisa.

Vié_Kamalondo
Mdogo wangu, ni ile kopi ndiyo imeua. Pilipili na wachoraji wenzake Bela na Mwenze walitoka wote kwa ateliye ya Hangar hapa L'shi, Mfaransa Romain-Desfossés aliianzisha 1946, mji ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville. Angalia Bela, yule hakutumia penso (brashi), alichovya vidole. Doa la kwanza nene, la tatu limeanza kukauka, la tano karibu linapotea, anachovya tena. Wewe doa lako halikauki hata siku moja. Fanya hivi, chovya kidole mu rangi, gonga karatasi mara saba bila kuchovya tena, piga foto karibu na dirisha. Mie natumia programu ya kuchora Krita kwa ordinatere, ni ya bure, madoa yote saba naingiza mu brashi moja inachagua yenyewe. Na usitupe lile baya la mwisho, ndilo tamu.

Yaya_Ruashi
Vié, heshima yako, lakini mteja ameomba Pilipili hakuomba Bela 😅 Vidole ni vya Bela, na vile vistari vyembamba vimepangana ni vya Mwenze Kibwanga. Kwa Pilipili ni koma, ila ziangalie karibu na samaki, zinamfuata, zinageuka sawa maji yanapita kwa mgongo wake. Mdogo, samaki weka leya (tabaka) ya juu, fondo leya ya chini, uanzie koma kwa tumbo la samaki ukienda inje, moja moja, kwa mkono. Zima ile stabilizesheni inanyoosha mistari. Na usizumu sana, ukizumu unatengeneza koma nzuri ambazo hakuna mtu ataziona.

Gunia_la_unga
Mie napenda mchoraji Tshibumba, tablo yenye maandishi iliyochorwa kwa gunia la unga, hizi koma zenu zinanichosha 😂 Ila kwa kona ya menu andika "kwa kufuata Pilipili Mulongoy", tumechoka kuona watu wanaweka saini yao kwa kazi ya mkono wa wazee.

MtotoWaKatuba
Aksanti yaya, aksanti vié. Jina nitaandika. Nimeanza upya jana usiku, koma moja moja vile yaya amesema, nimezunguka tumbo, nimezunguka pezi, na kweli maji yameanza kwenda, mie mwenyewe nimeshangaa. Lakini masaa matatu mazima na sijafika mkia, na mama wa restora anataka samaki sita. Batri iko 9%, umeme haiko tangu asubuhi. Picha nitaweka umeme ukirudi.