Nimezimia mara moja, leseni imezuiliwa, na sababu haijajulikana

Kutoka: Dereva, Coventry

Wanajumuiya, salaam.

Ninaomba ushauri wa yeyote aliyewahi kuandikiana na ofisi ya leseni za udereva ya hapa Uingereza (DVLA) kuhusu kuzimia. Wiki saba zilizopita, nikiwa nimeketi mezani baada ya chakula cha mchana, nilizimia ghafla bila kuhisi kizunguzungu wala kutokwa na jasho. Mke wangu anasema nilipauka, mikono ikatikisika kwa sekunde chache, kisha nikafumbua macho na kumwita. Hospitali walinipima ECG (kipimo cha umeme wa moyo), damu na sukari, wakanipiga picha ya kichwa, wakaona vyote ni sawa, na katika barua ya kuniruhusu kurudi nyumbani wakaandika kwamba sababu haijajulikana. Niliijulisha ofisi mara moja kama sheria inavyotaka, na juzi nimepokea jibu: leseni ya basi nimezuiliwa miezi 12, ya gari dogo miezi 6. D4, ile fomu ya afya ya madereva wa basi na lori, nilijaza mwaka jana tu, na daktari aliniona mzima.

Swali langu ni hili: miezi 6 ikiisha, ninaweza kuendesha gari dogo kwa kifungu cha 88 cha sheria ya barabarani, kinachomruhusu mtu kuendesha wakati ombi lake la leseni linashughulikiwa, huku nikisubiri barua yao, au ni lazima leseni iwe mkononi? Nimepata kazi ya usiku katika ghala lililo nje ya mji, na saa hizo hakuna basi.

Kutoka: Mzee, Reading

Mwanangu, pole sana. Nami yalinikuta miaka minne iliyopita. Niliamka usiku kwenda haja ndogo, nikajikuta sakafuni nimepasuka paji la uso. GP wangu, yaani daktari wangu wa mtaa, alinipima presha nikiwa nimelala, kisha akanisimamisha na kunipima tena kabla ya dakika 3 kwisha, na ile namba ya juu ikashuka kutoka 138 hadi 104. Kumbe nilikuwa ninameza amlodipine ya presha pamoja na tamsulosin ya tezi dume, na zote mbili zinaweza kuiteremsha presha. Alinipunguzia dozi, akaniagiza nikojoe nikiwa nimekaa na niketi kitandani kwanza kabla ya kuinuka, na tangu hapo sijaanguka. Mwambie GP wako akupime hivyo, naye aiandikie ofisi, mambo yatakwisha.

Kutoka: Dada, Leicester

Shikamoo Mzee. Samahani, lakini ndugu yetu amesema mikono ilitikisika. Binamu yangu alianza hivyo hivyo, na alipofika kwa daktari wa mishipa ya fahamu akaambiwa ni kifafa. Kwetu neno hilo linaogopwa, watu wanakimbilia kusema ni jini au ni uchovu, na mgonjwa anakosa dawa kwa miaka. Asione haya kukiuliza.

Kutoka: Muuguzi, Leeds

Ninaomba tusimgawie mwenzetu magonjwa yetu. Mzee wangu, wewe ulianguka ulipoinuka, yeye alikuwa ameketi. Dada, ubongo ukikosa damu kwa sekunde chache viungo vinaweza kutikisika, na hilo hutokea hata kwa mtu aliyezimia kwa kuona damu au kwa kusimama juani. Kinachotufanya tushuku kifafa ni ulimi kung'atwa pembeni, kutikisika kwa muda mrefu zaidi, na hasa mtu kuzinduka akiwa amechanganyikiwa, hajui alipo wala aliye naye. Huyu alimtambua mkewe papo hapo.

Kinachonitia wasiwasi ni kingine. Mtu anayezimia kwa kawaida hupewa onyo: kichefuchefu, jasho, giza machoni, masikio kuziba. Anayezimia akiwa ameketi bila onyo lolote, au akiwa anakimbia, ni lazima moyo wake uchunguzwe vizuri. ECG moja inarekodi sekunde chache tu, hivyo ikiwa mapigo yalivurugika ulipozimia na yakarudi sawa kabla hujafika hospitali, karatasi itaonyesha usalama. Umeshapimwa ECHO, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti? Umetajiwa kile kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua na kurekodi mapigo kwa muda wa hadi miaka 3? Halafu nijibu hili kwanza kabla ya mengine: katika ukoo wenu yupo aliyefariki ghafla akiwa kijana?

Kutoka: Kaka, Milton Keynes

Mbona hakuna anayemjibu alichouliza? Kifungu cha 88 hakimsaidii aliyefutiwa leseni na ofisi kwa sababu ya afya. Kinamsaidia aliyeirudisha mwenyewe kwa hiari, akaomba upya, na daktari wake akakubali kwamba anafaa kuendesha. Ndugu, wewe uliirudisha au ilifutwa? Angalia barua yako, bila hilo hatuwezi kukushauri.

Kutoka: Mzee, Reading

Muuguzi, nimekubali sahihisho lako. Swali lako la ukoo limenigusa. Wangapi tumewazika nyumbani huku tukiambiwa ni presha tu, au amechezewa, na maiti haijafunguliwa wala hakuna aliyepima? Kabla ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kuanzishwa pale Dar es Salaam mwaka 2015, wagonjwa wengi wa moyo walipaswa kupelekwa India, na asiye na wa kumsemea alibaki kitandani kwake. Serikali ipeleke ECHO na watu wa kuisoma hadi mikoani, hilo sitachoka kulidai.

Kutoka: Dereva, Coventry

Dada Muuguzi, nimelisoma swali lako mara nyingi kabla ya kujibu. Mdogo wangu alianguka uwanjani Tanga akicheza mpira, akiwa na miaka 24, na hakuamka. Mazishi yalikuwa siku ya pili, mimi nikiwa huku nasubiri viza yangu, sikumzika. Watu walisema alitupiwa kitu na timu ya upande wa pili, na mama anaamini hivyo mpaka leo. Hospitalini sikulitaja, kwa sababu waliniuliza kama kuna ugonjwa wa moyo katika familia, nami nikajibu hakuna. ECHO sijapimwa. Nina watoto watatu, na mkubwa anacheza mpira shuleni.

Kutoka: Muuguzi, Leeds

Pole sana kaka yangu. Kesho saa mbili asubuhi mpigie GP, useme maneno haya haya: nilizimia nimeketi bila onyo, na mdogo wangu alikufa ghafla uwanjani akiwa na miaka 24. Omba upelekwe kliniki ya moyo kwa haraka. Yapo magonjwa ya misuli ya moyo na ya umeme wa moyo yanayorithiwa, na katika mengi ya hayo kila mtoto wa mwenye ugonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Hatujui kama ni hayo, lakini mkubwa apumzishwe mpira mpaka daktari aseme. Ukizimia tena, au ukisikia moyo unakwenda mbio na kifua kinabana, piga 999, namba ya dharura, usisubiri miadi.

Kutoka: Mzee, Reading

Na mama yenu, bado yuko Tanga? Apelekwe hospitali ya Bombo akapimwe ECG, nauli nitachangia mimi.