Noah ya Khalati na maji ya papa

Khalati Maimuna: Asalaam alaykum jamaa. Nauliza kwa uzuri tu, nani alochukua Noah jana? Nimefungua mlango asubuhi nende kazini nikarudi nyuma wallahi, yanuka hadi macho yaniwasha

Swaleh: Wa alaykum salaam khalati. Ilikuwa na Ami Bakari, twalienda Ngomeni kuchukua samaki wa shughuli

Khalati Maimuna: Samaki wa shughuli wako kwa friza hapa kwangu. Hawa walio ndani ya gari ni wa nani

Ami Bakari: Maimuna usipandishe presha asubuhi yote. Lile kasha la barafu lilipinduka kidogo pale matuta ya Gongoni. Maji tu. Tukatandika magazeti

Khalati Maimuna: Kidogo??
(ametuma picha)
Kapeti ya nyuma nikiikanyaga yalia pwacha pwacha. Na hayo magazeti yamegandia yote, nasoma habari za wiki jana kwa sakafu ya gari

Mama Sauda: 😂😂😂 subhanallah. Na Jumamosi si ndiyo yaenda Mambrui kuchukua bi harusi

Nuru: Bi harusi kavaa gauni la kukodi halafu anuke papa. Wale wa Mambrui watatusema mpaka Ramadhani

Ami Bakari: Hamna kitu hapo. Omo, brashi, ndoo ya maji, Swaleh na wenzake waifanye leo jioni. Tumekuwa tukiosha magari tangu enzi za Peugeot 504 hakuna aliyepeleka kapeti kwa daktari

Khalati Maimuna: Mimi nimeuliza kawoshi moja hapa mjini wameniambia ndani yote elfu nne na mia tano

Ami Bakari: Elfu nne na mia tano kuosha vumbi!! Hiyo si mbuzi nusu

Swaleh: Ami mbuzi nusu sa hizi yapatikana wapi niende 😂

Nuru: Bibi yuko hapa kando yangu asema fukizeni udi na ubani, mfunge madirisha, kesho itakuwa sawa

Fahmi: Salaam alaykum wazee wangu. Samahani nilikuwa kazini. Bibi shikamoo, udi utafukizwa lakini uwe wa mwisho kabisa. Ukifukiza sasa juu ya kapeti mbichi utapata papa na udi pamoja na hiyo harufu haina dawa, nimeshaiona kwa gari ya mteja mmoja

Khalati Maimuna: Alhamdulillah fundi wetu wa kuosha magari amefika. Sema mwanangu, tuoshe wenyewe ama nilipe

Fahmi: Khalati inategemea maji yamefika wapi. Kama ni mchanga, vumbi, alama za vidole kwa vioo, dashibodi chafu, hiyo wallahi msimlipe mtu hata mimi, mwaweza na mkafanya vizuri kunishinda sababu gari ni yenu na hamna foleni nyuma yenu. Lakini kapeti ya gari si ile mwaiona juu. Chini yake kuna tandiko nene la pamba na sponji la kuzuia kelele na joto, maji yakishaingia huko hayatoki kwa kitambaa wala kwa jua, mtaosha juu itanukia sabuni siku mbili, siku ya tatu gari ikiekwa juani madirisha yamefungwa harufu yapanda tena kama haijaguswa. Na kwa picha naona yameshaingia, hiyo pwacha pwacha ni tandiko la chini

Ami Bakari: Fahmi wewe unatafutia wenzako kazi

Fahmi: 😂 Ami kwa heshima yako. Hebu mtu abonyeze kitambaa kikavu cheupe pale kwa nguvu ahesabu mpaka kumi tuone kinatoka vipi

Swaleh: (ametuma picha)
Kimetoka kimelowa na ni rangi ya chai

Fahmi: Basi hapo ishakwisha mjadala wa hilo eneo. Mengine tutafanya wenyewe

Mama Sauda: Mimi mtoto alipomwaga maziwa kwa Probox niliekeza magadi, ile baking soda ya jikoni, nikaacha usiku kucha nikafyonza asubuhi ikaisha. Kwani hamuwezi hivyo

Fahmi: Kwa maziwa ulifanya sawa kabisa mama. Maziwa yakichacha yanakuwa asidi, na magadi yaituliza asidi. Samaki ni kinyume chake, ile harufu yake ni ya upande wa alkali, ndiyo maana watu twakamulia ndimu kwa samaki na tukitoka mezani twanawa kwa ndimu. Kwa hivyo hapa ni siki. Siki nyeupe nusu, maji nusu, kwa chupa ya kupuliza. Magadi haitadhuru lakini kwa papa haina kazi kubwa

Nuru: Kumbe ndiyo sababu ya ndimu. Miaka yote nafikiri ni utamu tu

Ami Bakari: Na Jik? Jik yamaliza kila kitu

Fahmi: Ami la la la. Jik kwanza itafanya mabaka meupe kwa kapeti. Pili, na hii ndiyo kubwa, Jik ikikutana na siki yatoa gesi ya sumu, na nyinyi mko ndani ya gari mmeinama. Watu wameumizwa na hiyo hata kwa vyoo vya nyumbani. Jik isitoke jikoni kwa Khalati

Khalati Maimuna: Nimeifungia kwa kabati na ufunguo ninao. Bakari usinitafute

Swaleh: Na maji ya moto tutumie? Kuna damu ya samaki pia upande wa mlango

Fahmi: Damu ni maji baridi tu. Ya moto yaipika inagandia kwa nyuzi. Na maji mchote ya bomba, si ya kisima cha pale nyumbani. Kile kisima kina chumvi, yakikauka yaacha mistari meupe kwa siti nyeusi, halafu chumvi ile yavuta unyevu wa hewani kila siku, kapeti haikauki asilani. Si mwajua nguo zikitoka baharini msipozisuuza zabaki zanata, ni hivyo hivyo

Mama Sauda: Bomba kwetu hakuna maji tangu juzi

Khalati Maimuna: Kwangu tangi limejaa njooni

Ami Bakari: Haya tuseme mimi nang'oa siti na kuinua kapeti mwenyewe. Spana ninazo. Kuna ugumu gani hapo, boliti nne

Fahmi: Ami nakuamini kwa spana. Shida ni nyaya za chini ya siti. Gari nyingi zile soketi za manjano ni za eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali, na mikanda, haifai kuzichomoa betri ikiwa imeunganishwa, ukifanya vibaya dashibodi yawasha taa ya eabegi na haizimiki mpaka upate mtu wa mashine ya kusomea. Ukitaka kuifanya ni utoe waya wa hasi wa betri, usubiri kwanza, ndiyo uguse. Lakini za nyuma kwa Noah zaingia kwa reli na twahitaji gari Jumamosi, leo ni Jumatano na mvua ya kusi yaja yaenda. Tungekuwa Januari kaskazi yavuma ningesema fungua milango yote, inua kapeti, itakauka. Mwezi huu wa tano haikauki, yaota ukungu

Khalati Maimuna: Kwa hivyo nalipa elfu nne na mia tano 😩

Fahmi: Hapana khalati, ngoja. Hiyo ni bei ya ndani yote, dari, siti zote, milango, buti. Wewe wataka kapeti ya nyuma na siti moja. Waambie hivyo hivyo. Na kabla hujashusha gari waulize mambo haya: mna mashine ya kupiga maji na kuyanyonya hapo hapo, ama ni brashi na taulo? Mtainua kapeti ama mwaosha juu? Na mtaikausha kwa nini, feni au jua? Akijibu "usijali madam tutaweka manukato" ondoa gari yako. Kuna watu kazi yao yote ni povu, wakimaliza dashibodi yang'ara kama kaango na chini kuna kidimbwi

Nuru: 😂😂 hiyo ya manukato nimeshafanyiwa, ile ya stroberi. Niliumwa kichwa mpaka Watamu

Fahmi: Na hiyo ya kung'arisha dashibodi msiweke kwa usukani wala pedali, mguu wateleza kwa breki. Mmoja wetu kule kazini alipaka pedali akidhani anamfurahisha mteja

Khalati Maimuna: Nimewapigia. Wamesema mashine ya kunyonya wanayo, wainua kapeti, feni kubwa mbili, kapeti ya nyuma na siti ya watu watatu elfu moja mia nane. Niipeleke kesho asubuhi nichukue Ijumaa

Ami Bakari: Mia nane waondoe

Khalati Maimuna: Bakari hujanena kitu

Fahmi: Bei hiyo ni nzuri, chukua. Sasa leo jioni sisi tufanye yetu kabla haijaenda. Kwanza mikeka ya miguuni itoke nje ikung'utwe, halafu vakyumu kavu kila mahali, mchanga wote utoke KABLA ya tone la maji, mchanga wa pwani ukilowa ni tope na ukisugua wakata nyuzi za kapeti. Vakyumu ya nyumbani isiguse pale penye maji, motaa itaungua na Khalati atatuongezea kesi. Dashibodi na milango kitambaa kibichi kilichokamuliwa, kile kibrashi cha rangi kwa matundu ya hewa. Vioo vya tinti msitumie dawa ya vioo yenye amonia, tinti yachubuka, maji na tone la siki yatosha

Swaleh: Naja na brashi na vakyumu ya mama

Fahmi: Kingine ambacho kawoshi nyingi hazigusi. Filta ya hewa ya AC, iko nyuma ya boksi la dashibodi upande wa abiria, gari nyingi za Toyota ndipo ilipo, watoa kwa mkono bila spana. Ikiwa ishavuta harufu ya papa mkiwasha AC mtarudishiwa wote usoni. Swaleh ifungue unitumie picha

Swaleh: (ametuma picha)

Mama Sauda: Hiyo ni filta ama ni kiota

Nuru: Kuna jani la mwembe ndani 😭

Fahmi: Hiyo haioshwi, nunueni nyingine maduka ya spea yanazo. Na Ijumaa gari ikirudi, mwiwashe AC nusu saa ikiwa imetulia, AC yakausha hewa, halafu dirisha moja liwe wazi kidogo usiku ikiwa iko chini ya banda. Ijumaa jioni ndiyo udi wa Bibi

Nuru: Bibi ashasikia. Asema udi wa kwake ni ule mzuri si wa dukani, mtu aje auchukue asitumwe mtoto

Khalati Maimuna: Haya. Jumla elfu moja mia nane na filta. Mimi sikwenda Ngomeni

Swaleh: Nimekutumia mia tano khalati

Mama Sauda: Nami mia mbili, bi harusi ni wetu sote

Khalati Maimuna: Allah awalipe. Bakari?

Khalati Maimuna: Bakari naona umesoma

Ami Bakari: Mtandao wa huku Barani wakatika katika

Khalati Maimuna: Wa M-Pesa haujakatika. Na ukija jioni uje na ndoo yako