Mjadala: Queen of Katwe inawatia watoto moyo, au inatuliza watazamaji?

Kalamu Kavu: Wakuu, jana nimeirudia Queen of Katwe, ile filamu ya Disney ya 2016 kuhusu Phiona Mutesi, binti aliyekuwa akichuuza mahindi Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, mpaka kocha Robert Katende akamfundisha sataranji. Mara ya kwanza nililia. Safari hii nimekasirika. Wale watoto wengine waliofuata kikombe cha uji alichokuwa akigawa kocha, filamu yao iko wapi? Kila ikitengenezwa ya namna hii, mmoja anatoka, sisi tunafuta machozi, tunazima taa tunalala. Inamjenga mtoto wa mabanda, au inatutuliza sisi? Halafu tuseme ukweli, sataranji yenyewe wala si michezo. Ni kukaa.

Mzee wa Kingi: "Ni kukaa." Mkuu, umeandika aya nzuri ukaiharibu kwa maneno mawili. Ushawahi kukaa saa nne mbele ya ubao, saa inakula dakika zako na mtu anakutazama usoni? Shati linalowa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilishalitambua shirikisho la sataranji tangu 1999. Kati yako na Kamati, tumsikilize nani?

Kalamu Kavu: Kutambuliwa siyo kuchezwa, mzee wangu. Nionyeshe Olimpiki ambayo mtu alivishwa medali ya sataranji.

Jogoo Halisi: Si huyohuyo Phiona? Alileta medali ya Olimpiki kutoka Urusi.

Binti Maringo: Kaka Jogoo, hakuna medali. Ile ni Olimpiadi ya sataranji, mashindano ya timu za nchi, haihusiani na Olimpiki unayoijua. Ilikuwa 2010, Khanty-Mansiysk, Siberia, na bingwa wa Kanada alimnyoosha. Cheo alikipata 2012, Istanbul: Candidate Master wa wanawake. Katika vyeo vya wanawake vya FIDE, shirikisho la sataranji duniani, hicho ndicho cha kuanzia.

Jogoo Halisi: Cha kuanzia? Yaani "malkia" mwenyewe yuko ngazi ya chini kabisa? Basi filamu nzima ni chumvi.

Mama wa Wawili: Ngazi ya chini kwako wewe uliyelala juu ya kochi. Huyo mtoto baba alishakufa, shule aliacha kwa kukosa ada, kusoma alikuwa hajui. Akaja akakaa meza moja na wenzake waliofundishwa tangu chekechea. Wewe una cheo gani cha FIDE, mwanangu?

Jogoo Halisi: Sina, lakini mimi sijatengenezewa filamu nikaitwa mfalme.

Sauti ya Pwani: Turudi kwenye mada kidogo. Nasikia sana hii hoja kwamba filamu kama hizi zinauza umaskini wa Afrika. Aliyeununua nani? Ilitengenezwa kwa kama dola milioni 15, ikarudisha kama milioni 10 dunia nzima. Hiyo ni hasara. Mira Nair, aliyeiongoza, ana makazi Kampala miaka mingi, siyo mgeni wa wiki mbili na kamera. Sehemu kubwa ilipigwa Katwe kwenyewe. Aliyecheza Phiona, Madina Nalwanga, ni binti wa hapohapo Kampala ambaye hakuwahi kuigiza. Na hakuna mzungu anayeshuka kwenye gari kuja kuokoa watu. Kocha ni Mganda, naye anahangaika kutafuta kazi. Nitajieni filamu tatu kubwa za Marekani kuhusu Afrika zenye sifa hizo.

Jogoo Halisi: Binti wa Kampala sawa, lakini mama mtu ni nani? Lupita Nyong'o. Mkenya! Waganda waliisha?

Otieno wa Ziwani: Hapo umetugusa sisi Wakenya. Lupita ana Oscar yake ya 2014, mlitaka Disney wampigie nani simu? Na hiyo nafasi ya mama, Harriet, aliicheza mpaka ukasahau ni yeye. Kuna pahali anasimama tu kwa mlango, hasemi kitu, na unajua hana pesa ya nyumba.

Binti Maringo: Na kocha aliigizwa na David Oyelowo, mzaliwa wa Uingereza, wazazi Wanigeria. Mbona huyo hamumsemi? Mwanamke ndiye huulizwa pasipoti.

Jogoo Halisi: Dada, usinitie maneno mdomoni. Nazungumzia lafudhi.

Otieno wa Ziwani: Lafudhi ya Kiganda wewe unaijua kutoka wapi?

Jogoo Halisi: Nina shemeji Mganda.

Otieno wa Ziwani: Hahaha! Haya, shemeji amekuwa shahidi.

Mama wa Wawili: Mnacheka. Mimi nimechuuza nikiwa mdogo, sinia kichwani, kabla ya shule na baada ya shule. Kwangu hakuja kocha. Kwa hiyo kilichonichoma siyo ushindi. Ni pale Phiona anaporudi kutoka safarini, amelala kitanda chenye shuka nyeupe, amekula akabakiza, halafu anaingia chumba kilekile na hapamkai tena. Mama anaona mtoto yupo lakini kaondoka. Kalamu Kavu unauliza habari za waliobaki. Uliza na huyo aliyetoka, anarudi wapi?

Mzee wa Kingi: Pole mama, umesema kweli. Ila mimi bado sijamalizana na huyu wa "ni kukaa". Kuna kile kitoto, Gloria, kinachomfundisha Phiona kwamba kwenye sataranji kete ndogo ikivuka ubao inakuwa kubwa. Filamu nzima imebebwa na hilo. Sasa mimi mtu wa drafti najiuliza, hiyo si kingi? Kwetu kila kete ikifika mwisho inakuwa kingi, na tunacheza kwa vizibo vya soda! Mbona hatuna filamu?

Kete Sitini na Nne: Kwa sababu drafti ni ya watu wenye haraka. Ubao wa heshima ni bao. Mashimo 32, kete 64, na hakuna mfalme wala kitwana, kete zote sawa. Leo yangu, kesho yako.

Mzee wa Kingi: Haya, wamekuja. Bao ni kuhesabu tu.

Kete Sitini na Nne: Kuhesabu? Wewe ungeng'olewa kichwa kabla hujamaliza kunamua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete. Halafu nikukumbushe, filamu inaishia wapi? Binti anampa mama yake nyumba. Hiyo siyo sataranji, mkuu. Mchezo wenye nyumba, lile shimo la kuweka akiba ya kete, ni bao.

Sauti ya Pwani: Hapo nimesimama kupiga makofi. Lakini swali langu la filamu tatu bado liko palepale.

Kalamu Kavu: Jamani, mimi ndiye niliyeleta mada. Sijasema filamu ni mbaya. Ninachosema tangu mwanzo ni kwamba isionyeshwe shuleni bila mwalimu kukaa na watoto wakaijadili.

Binti Maringo: Shuleni? Nimepanda juu nimesoma ujumbe wako wa kwanza mara mbili. Shule hukuitaja kabisa.

Kalamu Kavu: Ilikuwa inaeleweka.

Binti Maringo: Kilichoeleweka ni kwamba ulilia, ukakasirika, ukatukana sataranji.

Jogoo Halisi: Na kwa ada ya shule, nasikia Phiona alikuja kusoma chuo Marekani. Au na hiyo ni chumvi?

Binti Maringo: Hiyo kweli. Northwest University, jimbo la Washington, 2017. Alikwenda na Benjamin Mukumbya, mwenzake wa kwa Katende. Kwa hiyo Kalamu, huyo mmoja kati ya "waliobaki" unaweza kumtoa kwenye foleni yako.

Kalamu Kavu: Wawili badala ya mmoja. Haya.

Mzee wa Kingi: Kete Sitini na Nne, upo? Nyumba ikiwa na kete sita, ukitua pale wakati unakula, unalazimika kusafiri, yaani kuendelea kusambaza kete, au unaruhusiwa kulala, yaani kuishia hapo?

Kete Sitini na Nne: Hiari yako. Ila mtu anayelala mapema namjua kwa macho.