Prosesa inafika nyuzi 90 na kompyuta inazima, naomba ushauri

Asalaam aleikum ndugu zangu, hasa mafundi. Nina kompyuta ya mezani niliyoiunga mwenyewe hapa Kisauni. Prosesa ni Ryzen 5 5600, kipozaji ni kile kidogo kilichokuja nayo kwenye boksi. Ikiwa imetulia tu inasoma nyuzi 62. Nikianza kuhariri video inapanda mpaka 90, ambao ndio mwisho wake, kasi inashuka, na mara nyingine inazima ghafla.

Najua mtasema ni joto la Mombasa. Kweli, Kaskazi hii chumba kinafika nyuzi 32 na feni ya dari inazungusha hewa ya moto tu. Lakini nyuzi 30 zaidi ya chumba, na mashine haina kazi? Hapo sikubali. Ya jirani yangu, prosesa hiyo hiyo, inakaa 45.

Vumbi nimepuliza, pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozaji nimebadilisha, skrubu zote nne za kipozaji nimezikaza kwa mshazari. Feni inazunguka, BIOS (ile menyu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta) inaonyesha. Kinachonitia shaka ni kasha: mbele ni kioo kitupu, hewa inapenya ubavuni kwa ufa mwembamba, na nikivua kifuniko cha pembeni joto linashuka kama nyuzi 8.

Sasa nibadilishe kasha kwanza, au ninunue kipozaji kikubwa cha mnara? Kuna aliyeniambia nipunguze volteji kwenye BIOS, ila sijui niishushe kiasi gani mashine isianze kuganda. Bajeti ni shilingi elfu sita, nikijikaza saba.