Mrejesho: wahudumu gani wa kanisa wahakikiwe

Ndugu zangu, Bwana asifiwe. Mwezi uliopita niliuliza ni wahudumu gani wa usharika wetu wa Kiswahili hapa Uingereza wanaopaswa kuhakikiwa kabla ya kukabidhiwa watoto, nami nawashukuru kwa moyo wote kwa majibu yenu.

Nilifuata ushauri wa kutazama kazi yenyewe badala ya cheo: anayefundisha au kuwaangalia watoto kila wiki, au siku 4 ndani ya siku 30, tunamwombea cheti cha ngazi ya juu cha DBS, yaani idara ya serikali ya Uingereza inayokagua rekodi za uhalifu za mtu. Walimu wa Shule ya Jumapili wameshavipata, na kwa kuwa wanajitolea, DBS haikutoza ada. Mtunza hazina tulimwondoa katika orodha, maana sheria hairuhusu kuomba cheti hicho kwa kazi isiyohusika.

Kwa dereva tumeshindwa. Mzee anayewachukua watoto kila Jumapili aliirudisha fomu bila kuijaza, akaweka na funguo za basi dogo juu yake, akisema amewalea hata wazazi wao. Tumempumzisha, ingawa inaniuma sana, na kwa sasa wazazi wanawaleta watoto wenyewe.