Juvenile akiwa kwao New Orleans: klabu, Jazz Fest au Superdome?

Msafiri_Houston
Wakuu, salaam. Niko Houston mwaka wa sita sasa na sijawahi kumwona Juvenile, rapa wa New Orleans, jukwaani. Albamu yake 400 Degreez ilipotoka 1998 nilikuwa sekondari Morogoro. Kanda tulirekodiana mpaka sauti ikawa inakwaruza. Nataka nimwone kwao. Kwa gari ni kama kilomita 560, barabara ni moja tu, I-10. Ninapima mambo matatu: nisubiri apige klabu kama Tipitina's, niende Jazz Fest, tamasha la wazi la mji, mwaka ambao jina lake limo, au tamasha la Essence ndani ya Superdome, ule uwanja mkubwa wenye paa. Hela yangu ni ya safari moja. Mnaojua, nishaurini.

BintiPwani
Kaka, Superdome mimi ningeitoa. Essence ipo tangu 1995, ni Julai, wasanii ni wengi kwa usiku mmoja, na mkongwe huwa anapewa dakika chache za kugusagusa nyimbo zake. Nilikaa juu kabisa, nikaishia kutazama skrini. Ila kama unasafiri na wazazi, kule kuna viti na kiyoyozi, na joto la Julai la New Orleans ni lile la Dar mwezi wa pili.

Mzee_wa_Mdundo
Klabu, mkuu. Bounce, muziki wa kwao, umejengwa kwa kuita na kuitikia: rapa anataja mtaa, wenye mtaa wanajibu. Juvenile amekulia Magnolia, nyumba za serikali huko Uptown. Majengo yale yalishavunjwa, lakini nilipokuwa ukumbini akataja jina hilo, akina mama wa makamo walionizunguka waliinua mikono na kujibu kwa sauti moja. Nywele zilinisimama. Ukiwa uwanjani hilo hulisikii, linapotelea hewani.

Tipitina's yenyewe ilifunguliwa 1977 ili Professor Longhair, mpiga piano wao mkubwa, apate pa kupigia. Sanamu yake iko pale mlangoni. Watu husimama, kwa hiyo vaa viatu vya kusimamia. Na wahi: ukifika mapema unasimama karibu mpaka unaona jasho lake.

Ndugu_wa_Lubumbashi
Mzee, nakuheshimu, lakini kwangu ukumbi unakuja wa pili. Cha kwanza, nani yuko nyuma yake? Mwangalieni kwenye Tiny Desk ya 2023, yale maonyesho madogo ya ofisini ya redio NPR yanayowekwa mtandaoni: wapiga fidla, wanamuziki wa kwao Trombone Shorty na Jon Batiste, na Mannie Fresh aliyetengeneza midundo ya albamu ile. Ule wimbo wake wa kucheza, Back That Azz Up, watu waliudai tena mpaka akaurudia. Rapa huyohuyo ukimwona na dijei peke yake, sauti ya kanda ikiimba juu yake, utarudi na huzuni. Hilo limenipata klabuni, si uwanjani.

Jazz Fest jukwaa ni pana, bendi kamili inaenea. Ni kwenye uwanja wa mbio za farasi, mchana, na saa moja jioni kila kitu kimekwisha. Asubuhi unapita hema la injili, unakula, unasikia matarumbeta yakipita katikati ya watu kama ya harusi zenu za Tanzania.

Mzee_wa_Mdundo
Hapo kwenye bendi nakubali. Akija na dijei tu, hata mimi siendi.

Msafiri_Houston
Klabuni anapanda saa ngapi?

BintiPwani
Usiamini saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Mimi nilisubiri mpaka karibu saa sita usiku. Lala palepale mjini, usijaribu kurudi Houston usiku huohuo, usingizi wa I-10 ni hatari.

Msafiri_Houston
Asanteni sana. Likizo nimeiombea wiki ya mwisho ya Aprili mpaka mwanzo wa Mei, siku za Jazz Fest. Likitoka tangazo la klabu kabla ya hapo, na bendi imetajwa, nitaibadilisha. Ndugu wa Lubumbashi, uko Texas pia? Gari lina nafasi tatu.

Ndugu_wa_Lubumbashi
Niko Dallas. Nafasi moja ni yangu, na mafuta tutachangia.