Naomba ushauri: Mzee hataki daktari amtazame unyayo

Asalaam aleikum jamani. Babangu ana miaka 71, mvuvi wa Likoni, maisha yake yote pekupeku. Juzi nikimkata kucha nikaona baka jeusi kisiginoni, kama punje ya kunde, kingo haziko sawa, na linatanuka. Asema ni mwiba wa zamani. Nikitaja saratani ya ngozi, anacheka: “Hiyo ya wazungu.” Nikamwambia Bob Marley, aliyefariki 1981, yake ilianzia kidole cha mguu. Akaniuliza kama nataka afuge rasta!

Anaowasikiza ni wazee wenzake wa barazani, na mimi mtoto wa kike pale siingii. Mliofaulu kuwapeleka wazee wenu mlifanyaje? Nimwombe imamu aseme naye, ama nimdanganye twaenda kupima presha?